Nilitangaza Kwamba Kesho Sifanyi Kitu

Ijumaa jioni nilitangaza nyumbani kwamba kesho sifanyi kitu. Nilisema kwa sauti, ili kila mwenye kakazi kake ka "nishikie hapa mara moja" asikie. Mama watoto akaniangalia vile anavyoniangalia kila ninapotangaza jambo, akaendelea na shughuli zake.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi: nilale mpaka nichoke kulala, nihamie kwenye kochi, saa kumi nitazame mpira. Basi. Sikuomba kupelekwa mwezini.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ting! Grupu la kazini. Bosi: "Habari za asubuhi timu, najua leo ni mapumziko, ila..." Mwenzenu hiyo "ila" naijua. Imekula Jumamosi zangu nyingi kuliko malaria. Chini yake, voisi noti ya dakika saba. Mtu akiandika hujibana kwa sababu vidole vinachoka. Anayerekodi nani wa kumzuia? Nikaisikiliza kwa kasi maradufu, bosi akawa kama kuku anayefukuzwa, na bado jambo lenyewe lilikaa kwenye sekunde kumi za mwisho: nitume ile faili. Zilizobaki zote ni "eeh", "kwa hiyo", na mlango wa gari ukifungwa.

Kujifanya nimelala isingewezekana, tiki zilishageuka bluu. Zamani mtu alikwepa kwa heshima zake. Barua ilipotelea njiani, simu ya mezani ililia hamna mtu. Siku hizi simu yako mwenyewe inakusemea kwa wakubwa: huyu ameamka, amesoma, saa kumi na mbili na dakika kumi na saba, anajikausha tu.

Haya, faili moja, dakika tano. Nikawasha kompyuta. Nywila yako imekwisha muda, weka mpya. Nikaweka. Iwe na herufi kubwa. Nikaweka. Iwe na tarakimu. Iwe na alama. Isifanane na tano ulizotumia nyuma. Jamani, mimi ninayetafuta miwani nimeivaa, nikumbuke nywila tano zilizopita? Yenyewe inazikumbuka zote, lakini anayeulizwa kila siku ni mimi. Nikaandika jina la mke wangu, mwaka tuliooana na alama ya mshangao. Mfumo ukajibu: "Dhaifu." Nikafunika skrini haraka kabla mwenye jina hajapita.

Na kinachoniuma hasa nimekuja kukijua baadaye. Huu mtindo wa kuchanganya alama na kubadilisha nywila kila mara ulisambaa kutokana na mwongozo uliotolewa mwaka 2003 na taasisi ya viwango ya Marekani. Mzee aliyeuandika, akiwa ameshastaafu, aliwaambia waandishi wa habari mwaka 2017 kwamba sehemu kubwa ya aliyoyaandika anaijutia. Mwaka huohuo taasisi yenyewe ikabadili msimamo: msiwalazimishe watu kubadilisha nywila ovyo bila sababu. Ofisini kwetu habari hiyo haijafika. Nadhani ilitumwa kwa barua pepe, na aliyetumiwa nywila yake imekwisha muda.

Nilipofanikiwa nikaambiwa nithibitishe kwamba mimi si roboti. Bofya picha zote zenye taa za barabarani. Sasa ule mlingoti ulioshika taa, ni taa au si taa? Nikauacha. Nimekosea. Bofya pikipiki. Moja imejificha nyuma ya mti, gurudumu tu linaonekana. Nikaiacha pia, nikakosea tena. Raundi ya tatu nilianza kujitilia shaka kweli, nikajipapasa shingoni kama kuna betri. Halafu, kazi hiyo si ya bure kama unavyodhani. Zamani majaribio kama haya yaliwapa watu maneno ya vitabu vya kale ambayo kompyuta zilishindwa kuyasoma, watu wakawa wanayachapa bila kujua wanasaidia kuhamishia vitabu kwenye kompyuta. Yaani siku ya mapumziko nimewekwa kwenye kibarua ili nithibitishe kuwa ni binadamu, ndipo niruhusiwe kuingia kwenye kibarua kingine!

Nikaingia. Kompyuta ikasema inajisasisha, usizime. Asilimia 3. Nikakaa. Asilimia 3. Nikanyoosha miguu, nikaikunja. Asilimia 4.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mchumi wa Uingereza, John Maynard Keynes. Mwaka 1930 aliandika kwamba baada ya miaka 100 mashine na maendeleo yatakuwa yametupunguzia kazi kiasi kwamba saa 15 kwa wiki zitatosha, na shida yetu kubwa itakuwa tufanye nini na muda uliobaki. Mwaka 2030 huo unabisha hodi. Mimi saa 15 nazimaliza Jumanne kabla ya mchana, na muda uliobaki najua vizuri sana unakokwenda: naangalia asilimia 4 ikifikiria kuwa 5.

Wafaransa walau wametungiwa sheria. Tangu Januari 1, 2017, kampuni yao yenye wafanyakazi 50 na zaidi inatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutoshikwa na simu za kazi nje ya saa za kazi. Niliwahi kuitupia habari hiyo kwenye grupu letu, kimya kimya, kama mtu aliyekosea namba. Bosi akaweka kidole gumba. Kisha chini yake: "Nzuri sana. Nani amemaliza ripoti?"

Saa sita kasoro faili ikaenda. Nikajitupa kwenye kochi. Nikasema ngoja niangalie kidogo vikosi vya leo. Tangazo likachomoza. Alama ya kulifunga ni ndogo kama yai la chawa, na kidole changu mnakijua, kikagusa tangazo lenyewe. Sasa kila nikifungua simu nauziwa vitanda vya watoto wachanga, na mama watoto kashaanza kuniuliza kuna nini nisichomwambia. Mvumbuzi wa matangazo ya kuchomoza naye aliomba radhi, mwaka 2014. Na yule aliyebuni mwaka 2006 ukurasa usio na mwisho, ule unaousukuma juu nao unazidi kuzaa, naye baadaye akasema anajuta. Hawa watu wana utaratibu gani? Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Ukifika kwenye tangazo la viatu, unakunja, unafunikia uso, unalala. Mimi nilianza na vikosi, nikaibukia kwa mtu anayeosha mazulia. Sijui jina lake, sijui nchi yake, nimemtazama akikamua maji machafu kwenye mazulia kumi na moja. La nane lilikuwa la kijani, lilikuwa na hali mbaya sana.

"Baba," kijana wangu akaniita, "umeona lile goli la mwisho?"

Goli gani? Saa ngapi sasa hivi? Saa kumi na mbili jioni. Kochi limenibonyea mgongoni na shingo haigeuki.

Usiku nikiwa kitandani nikakumbuka kwamba ile faili niliyotuma ina jedwali ambalo anayelijua ni yule kijana mpya wa idara yetu. Si jambo la kusubiri Jumatatu, linaweza kunitoka kichwani. Nikamwandikia kiungwana kabisa: "Habari za usiku mdogo wangu, najua ni mapumziko, ila..." Saa nne na dakika nne. Tiki mbili. Zikawa bluu. Nikasubiri dakika moja, mbili, tano. Kimya.

Vijana wa siku hizi hawana adabu. Nikamwandikia tena: "Naona umesoma."