Ukelele Uliozidi Filamu Nzima

Filamu haijafika dakika ya ishirini, mimi nilikwisha kuwaokoa mateka wote sita. Niliwaokoa nikiwa kitini, miguu juu ya meza, kwa sauti iliyomlazimu mke wangu kuongeza ya televisheni mara tatu.

"Jipapase mfukoni wewe!" nilimfokea jamaa wa koti la kahawia. "Umeamka chumba usichokijua, mlango umefungwa, kuna saa ukutani inahesabu kurudi nyuma, na bado hujaangalia mfukoni?"

"Mjomba, hakusikii," alisema mpwa wangu.

"Ndiyo maana atakufa."

Akafa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti. Nikawageukia wote, mmoja baada ya mwingine, nikanyamaza kimya cha mtu aliyeshinda.

Filamu yenyewe ilikuwa ya wale wanaoanza na hela ya kuungaunga. Watu sita wasiojuana wanaamka kwenye jengo bovu, na bwana mmoja mwenye kinyago anawaambia kwa kipaza sauti kwamba kila chumba kina mchezo wake na atakayeshindwa hatoki. Tulikuwa watazamaji watano na maoni yetu yalikuwa kama kumi na mawili. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alilalamikia giza: alisema amekaa nusu saa anatazama sura yake mwenyewe kwenye kioo cha televisheni. Mpwa wangu aligundua kwamba ule ujia wa jengo ni mmoja tu, umepigwa mara tatu kwa taa za rangi tofauti. Mke wangu hakutoa maoni, alikuwa na rimoti. Mama mkwe, aliyekuja kutembelea na ambaye tulidhani angekwenda kulala mapema, ndiye aliyekuwa na hoja nzito kuliko zote.

"Huyu wa kinyago," aliuliza, "misumeno yote ile inayojiendesha, minyororo, saa kila ukuta, kazipata wapi fedha? Na kama anazo, mbona kavaa viatu vilivyopasuka?"

Kweli, viatu vilikuwa vimepasuka. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameona.

Hapo nikapata nafasi ya kutoa elimu, jambo ambalo huwa sisubiri kuombwa. Nikawaambia kurudia ujia mmoja si kosa, ni fani. Nikawatajia Cube, filamu ya Kanada ya mwaka 1997: unaona watu wanahangaika kutoka chumba hiki kuingia kile bila mwisho, kumbe waliojenga walijenga chumba kimoja kamili, wakawa wanabadilisha vibao vya rangi tu. Nikaja kwenye Saw ya mwaka 2004, kazi ya James Wan na Leigh Whannell, iliyopigwa kwa siku 18 kwa dola milioni moja na kidogo, ikaingiza zaidi ya milioni 100 duniani.

"Na sehemu kubwa," nikamalizia, "ni watu wawili tu wamefungwa msalani."

"Msalani?" akauliza mama mkwe.

"Msalani tu, mama."

"Msala una nini cha kutisha?"

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Akauliza tena kwa nini damu ya hawa watu ni nzito hivyo, inashuka kama haitaki. Nikamweleza kwamba damu ya filamu aghalabu ni sharubati nzito ya mahindi iliyotiwa rangi, na kwamba zama za picha nyeusi na nyeupe walitumia hata sharubati ya chokoleti, maana kwenye picha haikujulikana. Mama akamkazia macho yule mtu aliyekuwa anakata roho. "Ndiyo maana anajilamba," alisema. Na alikuwa anajilamba.

Kisha yule dada wa tatu, ambaye mchezo wake ulikuwa kuchagua waya, alichagua vibaya, akapiga ukelele mrefu. Mimi nikatikisa kichwa.

"Uongo. Hakuna mtu mzima anayelia hivyo. Mtu mzima akifikwa, anafikiri." Nikaongeza kwamba kelele nyingi za filamu wala si za waigizaji, zinatolewa kwenye akiba ya sauti. Upo ukelele mmoja, wanauita wa Wilhelm, uliorekodiwa mwaka 1951, na tangu hapo umepigwa na mamia ya watu wanaoanguka, wanaochomwa mishale na wanaoliwa na mamba, wote kwa koo lile lile.

Baada ya hotuba hiyo nikahisi haja. Nilikuwa nimeibana tangu mateka wa pili, kwa kuwa niliogopa shemeji atasema nakimbia.

"Shemeji, unakimbia?" alisema shemeji.

"Nitarudi kabla huyu hajafa," nikajibu. Nikaondoka na simu nikaiacha kwenye kochi, jambo ambalo mhusika wa filamu akilifanya huwa namtukana.

Niliufunga mlango wa msalani kwa nguvu kidogo, kwa haraka niliyokuwa nayo. Nilipomaliza nikashika mkono wa kitasa, nikavuta. Mkono ukaja. Ulikuja wote, ukabaki kiganjani mwangu kama mtu aliyenipa mkono wa kwaheri. Upande wa pili nikasikia kitu cha chuma kikianguka sakafuni, *ting*, kikabingirika kidogo, kikatulia. Kilikuwa mkono wa nje, pamoja na kile chuma cha pembe nne kinachopita katikati na ndicho kinachozungusha kitasa. Mimi nikabaki ndani na pambo.

Nikainama nikachungulia kwenye lile tundu. Niliona kipande cha ujia, na mwisho wake mwanga wa buluu wa televisheni ukichezacheza ukutani. Hadi leo naamini mwongozaji wa ile filamu hakupata picha nzuri kama ile.

Sasa, kupiga kelele lilikuwa jambo rahisi. Lakini mtu ametoka kusema hadharani kwamba mtu mzima akifikwa anafikiri. Kwa hiyo nikafikiri. Nikagonga mlango, si kwa nguvu, ugongaji wa heshima, wa mtu anayeomba samahani kwa usumbufu. Ko, ko, ko. Kumbe kwenye filamu nako kulikuwa na mtu aliyefungiwa, anagonga. Nikasikia sauti ya mama mkwe: "Hapa wamejitahidi. Hadi unahisi anagonga humu ndani."

Nikagonga kwa nguvu zaidi. "Sauti yao imekuwa nzuri ghafla," alisema shemeji.

Nikarudi kwenye kanuni yangu: tumia ulichonacho. Nilikuwa na sabuni, kopo, ndoo, taulo na miswaki mitano kwenye bilauri. Nikachagua mswaki wenye mpini mnene, wa kijani, nikauchomeka kwenye tundu la pembe nne, nikauzungusha polepole kama mvunja kasha. Kitasa kikaanza kuitika. Nikatabasamu. Mswaki ukakatika. Nusu ikabaki tunduni, nusu mkononi, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mswaki wa kijani hatuna. Tuna wa bluu, mwekundu, mweupe na wa njano. Wa kijani ulikuja na mgeni.

Na tundu nililokuwa nachungulia nalo likawa limezibwa.

Mpango wa pili ulikuwa kidirisha cha hewa, kilicho juu karibu na dari. Sikukusudia kutoka, pale hata paka angevua koti kwanza. Nilikusudia kutoa mkono nipunge taulo, labda atapita mtu. Nani angepita nyuma ya nyumba usiku ule, na angefikiri nini akiona taulo linampungia, sikujiuliza. Nikaigeuza ndoo chini juu, nikapanda. Ndoo ikasema neno moja na kuteleza. Katika kutafuta pa kushika nikashika bomba la mvua, likafunguka hadi mwisho wake, na maji ya baridi yakanishukia utosini nikiwa bado hewani.

Sitaki kueleza sauti niliyoitoa. Ilianza chini, ikapanda, ikafika mahali sikujua ninapo, ikakaa huko, kisha ikashuka na neno "mamaaa" mwishoni.

Nikaanguka juu ya taulo, nikafunga maji, nikasikiliza. Aibu nilikwisha kuikubali. Nikasubiri nyayo zikija mbio.

Hazikuja. Badala yake nikasikia mjadala.

"Sasa huo," alisema mpwa wangu, "ndio ukelele. Filamu nzima ni mbovu lakini hapo nawapa haki yao."

"Mimi nywele zimesimama," alisema mama mkwe. "Na kaita mama. Mtu akikaribia kufa huita mama. Huyo kaigiza kwa moyo, masikini."

Nikiwa nimeketi sakafuni, nimelowa, naungama kwamba nilihisi kafahari kadogo.

Shemeji akakaharibu. "Hapana, wamezidisha," alisema. "Umesikia ulivyopanda? Hakuna mtu mzima anayelia hivyo. Halafu hiyo ni sauti ya akiba, ni ile ile aliyotuambia shemeji, ya 1951."

"Ya akiba ingekuwa fupi," akabisha mpwa. "Hii imekaa. Na mwishoni ilipasuka kabisa, kama ya mtu anayezama. Shangazi, hebu rudisha nyuma kidogo, tusikie tena."

Mke wangu akarudisha. Nikasikia muziki, nikasikia mnyororo, nikasikia muziki tena. Kimya.

"Mbona haupo?"

"Umepita. Rudisha zaidi."

Akarudisha zaidi. Muziki, mnyororo, muziki.

"Huyu amefumba mdomo," alisema mama mkwe. "Aliyelia ni nani?"

Nikaona fursa ndiyo hii. Nikajaza mapafu. "NIFUNGULIENI JAMANI!"

Televisheni ikanyamazishwa.

"Kwani hii imetafsiriwa?" aliuliza shemeji.

Walipofika mlangoni sikupata pole niliyoitarajia. Nilipata maoni. Mpwa wangu aliniambia nitulie, nisipaniki, mtu mzima akifikwa anafikiri. Shemeji akaweka mdomo karibu na mlango, akaikwaruza sauti yake kama ya bwana wa kinyago, akanitangazia kwamba nina dakika kumi na mchezo wangu umeanza. Mama mkwe aliuliza kama nimeumia, nikasema hapana, akasema basi angeomba kujua ule ukelele ulitokana na nini, maana ulikuwa mzuri.

"Maji, mama."

"Maji tu?"

"Ya baridi, mama."

Shemeji alikwisha kuuokota ule mkono wa nje. Ilikuwa kazi ya sekunde mbili: achomeke chuma mahali pake, azungushe, basi. Nikamsikia akisema kuna kitu cha kijani kimeziba, akakisukuma kikaniangukia mapajani. Nikasikia chuma kikiingia. Ndipo mke wangu, ambaye jioni yote hakuwa ametoa maoni yoyote, alipotoa lake la kwanza.

"Subiri. Usifungue."

Kukawa kimya.

"Mume wangu," alisema, kwa upole ambao wenye ndoa wanaujua, "ile skrubu ya kitasa niliyokupa wiki tatu zilizopita uirudishie, iko wapi?"

Nilianza kueleza kwamba skrubu ile ilikuwa inahitaji bisibisi ya namna fulani, na kwamba nilikuwa kwenye utaratibu wa kuitafuta.

"Sikuulizia bisibisi. Angalia mfukoni."

Nilijua kabla sijaangalia. Ilikuwa suruali ile ile ya nyumbani. Nikaingiza mkono kwenye mfuko uliolowa, na chini kabisa, kwenye ule mshono wa kona, nikaipapasa.

"Ipo?" aliuliza.

Sikujibu. Mpwa wangu alikuwa anacheka hadi amekaa chini. Nilisikia mgongo wake ukiteleza kwenye ukuta. Shemeji alikuwa anajaribu kuendelea na sauti ya kinyago lakini haikutoka tena, ilikuwa inakatika kila neno la pili.

"Ipo," nikasema.

"Mfungulie."

Mlango ukafunguka. Nilitoka na taulo shingoni, skrubu mkono wa kulia, na mkono wa kushoto nimeufumba nyuma ya mgongo. Nilitumaini kwamba katika vurugu ile hakuna atakayeuliza kilicho huko. Shemeji alinikagua kuanzia utosini hadi miguuni, akasema kwa mtu aliyetoka kwenye mchezo wa mauti damu haionekani, naona bajeti iliisha.

Tulirudi kumalizia filamu. Nilikaa juu ya gazeti ili nisiloweshe kochi. Zilikuwa zimebaki dakika kama kumi na mbili, mateka wamebaki wawili, na mmoja wao alikuwa anahangaika na mlango uliokuwa wazi kabisa, hata mimi niliuona uwazi wake. Nikafungua mdomo. Wote wanne wakageuka kunitazama. Nikaufunga.

Maandishi ya mwisho yalipoanza kupanda, tukapiga kura kama ada yetu. Shemeji akaipa mbili kati ya kumi, kwa sababu ya giza. Mpwa wangu akaipa tatu. Mke wangu akasema yeye ameridhika na jioni kwa jumla, hana haja ya kuweka namba. Mama mkwe alikuwa amekwisha kusimama kwenda kulala, ametoka msalani dakika hiyo hiyo, na bilauri ya miswaki ameishika mkononi.

"Ya kwenye televisheni naipa mbili," alisema. "Ya msalani ningeipa kumi, ila nimekata moja ya mswaki."