Barabara ya mwendokasi haiko tupu kama inavyoonekana

Foleni ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam ikikaza pale Manzese, hoja ni ileile: njia ya katikati ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, iko wazi, basi halionekani, kwa nini daladala na magari binafsi yasiruhusiwe kupita?

Anayesema hivyo ana sababu. Mwezi Mei 2016 mwendokasi ulipoanza, daladala ziliondolewa barabara hiyo, na mradi uliosanifiwa kwa mabasi 305 ukaanza na 140. Abiria wa Kimara anayajua matokeo yake: basi likifika, vijana wanaingilia madirishani, na mama mwenye mtoto mgongoni anabaki kusubiri jingine. Mvua kubwa ikinyesha, Msimbazi unafurika na Jangwani hapapitiki, na karakana tukaijenga palepale bondeni. Halafu mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu!

Ila tupige hesabu, maana nadhani hapa ndipo wengi wanapopotea. Basi refu la mita 18 tuseme linabeba watu 140. Likipita kila baada ya dakika mbili, kwa saa wanapita 4,200 kwa upande mmoja. Sasa ingiza magari binafsi. Njia moja yenye taa na makutano, tuseme yamepita 800 kwa saa, na kila moja lina watu wawili (wengi wako peke yao, lakini tusibane): 1,600. Rudi kwenye mabasi, safari hii moja kila dakika tano, kiwango ambacho kila mtu angekilalamikia: 1,680. Kwa hiyo hata njia inayoonekana imelala inayazidi magari yaliyobanana pembeni yake. Dereva aliye kwenye foleni anaiona lami. Watu waliobanwa ndani ya basi lililopita dakika tatu nyuma, hao yeye hawaoni.

Likipita kila dakika kumi ni 840, na hapo mlalamikaji ameshinda. Lakini ameshinda kesi ya kuongeza mabasi, si ya kufungua njia. Abiria wa Kimara haombi lami, anaomba basi.

Na daladala? Mlango wa daladala aina ya Coaster uko kushoto, vituo vya mwendokasi viko kulia, katikati ya barabara, sakafu imeinuliwa. Abiria atashushwa upande usio na kituo, kwenye njia ambayo mabasi hutumia kupitana. Tena siamini kwamba njia ikishafunguliwa kwa kila mtu kuna kiongozi atakayethubutu kuifunga tena.

Daladala wana kitu kimoja ambacho mwendokasi haukuwahi kuwa nacho: kwa konda, kiti kitupu ni hasara ya leo leo, na gari bovu hesabu ya bosi haitimii. Mtoa huduma aliye peke yake njiani hana presha hiyo. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, walioanza mabasi ya aina hii mwaka 2000, waligawa kazi kwa kampuni kadhaa, nyingine zenye wamiliki wa mabasi ya zamani ndani yake, zikilipwa kwa kilomita zilizotembewa. Kwetu mkataba wa mwendokasi ungetaja basi kila dakika mbili asubuhi na jioni, malipo yakatwe kwa kila basi lisilotokea, na wenye daladala walioondolewa 2016 wapewe nafasi ya kwanza kununua hisa.