Kuhamia Moro ni jambo moja, kununua nyumba Moro ni jingine

Mdogo wangu na mumewe wana shilingi milioni 48 benki, watoto wawili, na nyumba ya kupanga Kimara ambayo mwenyewe anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwezi uliopita waliniomba niwasindikize Morogoro kuangalia nyumba. Shemeji alikuwa ameshaamua. Mdogo wangu alikuwa akiitikia tu, na mimi ninayemjua tangu utotoni, akiitikia hivyo najua kuna jambo.

Hoja za shemeji si za kubeza. Kwa hela hiyo, Dar alichokuwa akionyeshwa ni viwanja vitupu huko mbele ya Chanika, au pagale lililoota majani sebuleni. Moro alionyeshwa nyumba za vyumba vitatu zenye paa, milango na choo cha ndani. Kukopa ili aongezee hataki, na simlaumu: riba ya mikopo ya nyumba hapa kwetu imezoeleka kuwa asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka, ndiyo maana wengi wetu tunajenga kwa kudunduliza, leo tofali, mwakani bati. Nyumba ya kulipia taslimu na kuingia na vyombo vyako ni bahati ambayo mshahara wa kawaida hauioni mara mbili.

Halafu kuna treni. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakutoa katikati ya Dar hadi Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Shemeji anafanya kazi Posta, na kuna asubuhi ametumia karibu muda huohuo kutoka Kimara kufika ofisini, amesimama kwenye mwendokasi na begi kifuani. Kwa hiyo anasema: kama ni kuteseka njiani, niteseke nimekaa.

Hapo ndipo nilipomwomba kalamu. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000. Bosi wake amemkubalia siku mbili kwa wiki za kufanyia kazi nyumbani, kwa hiyo ofisini ataenda siku tatu, tuseme siku 12 kwa mwezi. Inakuja 312,000. Kodi anayolipa Kimara ni 300,000. Anaikimbia kodi, anaikuta kwenye tiketi, na hapo sijahesabu bodaboda ya kwenda stesheni alfajiri wala siku umeme unapoleta hitilafu na treni inasimama porini. Akasema atalala kwa kaka yake Buguruni kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, aende na kurudi mara moja tu kwa wiki. Hesabu ikashuka hadi 104,000. Mdogo wangu akauliza, kwa sauti ya chini, nani atakuwa anawapeleka watoto hospitali usiku siku hizo.

Yeye ana hesabu yake ambayo hakuna aliyemwomba. Ni fundi cherehani. Ana wateja aliowajenga kwa miaka tisa, wa sare za harusi, wa vijora vya Idi, na mama mmoja wa Mbezi anayeleta vitenge kumi kwa mpigo. Moro kuna watu wa kuvaa, tena wengi, lakini mafundi wa huko nao wana wateja wao. Familia nyingi zikipiga mahesabu ya kuhama zinaweka mezani mshahara wa mwenye ajira, na kipato cha anayejiajiri kinachukuliwa kama kitu kinachobebeka pamoja na makochi. Kwa mwaka wa kwanza mimi ningekihesabu kama sifuri.

Upande wa maisha, Moro inajitetea yenyewe. Wenyeji huuita mji kasoro bahari, na ukisimama Soko la Chifu Kingalu asubuhi, ndizi na mboga zimeshuka kutoka milima ya Uluguru, huhitaji kuelezwa. Shule, kituo cha afya na duka la vifaa, vyote viko umbali wa bodaboda moja. Lakini ugonjwa ukiwa mkubwa, wa moyo kwa mfano, utapelekwa Muhimbili au Dodoma, na mwenye mzazi mgonjwa nyumbani aliweke hilo akilini. Maji ni mtihani mwingine: mji unategemea sana Bwawa la Mindu, na mgao ni sehemu ya maisha kiasi kwamba nyumba isiyo na tangi kubwa imepungukiwa chumba kizima. Na huo utulivu tunaousifu nao una mwisho. Manispaa ya Morogoro ilihesabiwa watu karibu 316,000 mwaka 2012. Sensa ya 2022 ikakuta 471,409. Mji umeongezeka karibu nusu yake ndani ya miaka kumi, tena kabla ya treni.

Nyumba aliyoipenda shemeji ilikuwa mtaa wa chini, upande wa bonde la mto Ngerengere. Milioni 46, vyumba vitatu, mwembe uani. Kuta za nje zilikuwa na rangi ya krimu juu na bluu nzito chini, na ile bluu ilikuwa bado inanukia. Dalali alikuwa anatueleza habari za mwembe. Jirani, mama mtu mzima aliyekuwa anachambua mchicha barazani, tukamwamkia.

"Marahaba wanangu. Mmekuja kupanga au kununua?"

Tukasema kununua. Hakujibu kitu. Aliweka ungo chini, akanyoosha mguu, akagusa goti lake kwa kiganja, kisha akatazama ule ukuta wa bluu. Mvua za Januari 2024 ziliingiza maji kwenye mitaa kadhaa ya mji, na huo ulikuwa mmojawapo. Rangi ilikuwa imeficha mstari wa tope.

"Ile ilikuwa El Nino, bosi," dalali akamwambia shemeji. "Hairudi ile."

Tulipopima kwa hatua kutoka ukuta wa nyuma hadi ukingo wa mto, hazikufika arobaini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Maana yake ile bei ilikuwa na punguzo ndani yake, na aliyelitoa alijua kwa nini.

Karatasi nazo zina yake. Tulichoonyeshwa hakikuwa hati miliki bali karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hati ndiyo inayokupa haki ya kuimiliki kwa miaka 33, 66 au 99, na muhuri wa mtaa haufanyi kazi hiyo. Ukipanda kuelekea miteremko ya Uluguru, kwenye maeneo ambayo hayajapimwa, kuna jambo ambalo mgeni kutoka Dar halijui: Waluguru kwa mila hurithi ardhi kwa upande wa mama, na shamba ni la ukoo. Baba aliyeketi mbele yako na kukuuzia kwa moyo mweupe anaweza kuwa hana mamlaka hayo bila dada zake na wajomba. Ukimlipa peke yake, utakutana na mpwa wake mahakamani.

Mambo haya huyapati kwa safari moja ya Jumamosi. Maoni yangu niliyompa shemeji, na aliyapokea kwa uso wa mtu aliyepewa dawa, ni kwamba amechanganya maamuzi mawili. Kuhama kunarudishika; ukishindwa unapakia vyombo kwenye fuso. Kununua hakurudishiki kirahisi, hasa kwenye mji ambao hata wateja wa nyumba huwajui. Aanze na kupanga Kihonda, hukohuko Moro, avuke masika moja.

Ana jibu lake, na ni zuri: wakati anapanga, bei zinapanda, na milioni 48 za leo mwakani zitakuwa zinanunua vyumba viwili. Inawezekana kabisa. Madalali wa Moro siku hizi hawamalizi sentensi bila kutaja stesheni. Kama angekuwa na hati safi mezani, kiwanja cha juu, na mke mwenye wateja huko, ningemwambia alipe kesho. Hana hata kimoja kati ya hivyo.

Wamepanga Kihonda kwa miezi sita. Cherehani moja imebaki Kimara kwa msichana aliyekuwa akimsaidia, na mdogo wangu anashuka Dar kila baada ya wiki mbili kuchukua oda. Dalali bado anapiga simu. Juzi ile nyumba ya bluu imeshuka bei kwa milioni mbili.