Papa wa Sebuleni na Urefu Wake wa Kesho

Dukani samaki huyu wa mapambo anakuwa na urefu wa kidole. Pezi la mgongo limesimama kama tanga, mwili umechongoka, na anazunguka tangi bila kutulia. Muuzaji anamwita papa, na jina hilo linatosha kumfanya mteja afungue pochi. Lakini si papa. Wanaouzwa kwa jina hilo ninaowazungumzia hapa ni wawili. Bala, mwenye mwili wa fedha na mapezi yenye kingo nyeusi, yuko ukoo mmoja na ningu. Pangasi, yule wa kijivu mwenye sharubu fupi, ni kambare wa mto Mekong na Chao Phraya. Wote wana mifupa, ilhali papa wa kweli ana gegedu.

Jina halinisumbui sana. Linalonisumbua ni kwamba mjadala wa kuwafuga nyumbani huendeshwa kana kwamba samaki wa dukani ndiye huyohuyo tutakayekaa naye. Bala hufika sentimita 35 hivi. Pangasi aliyekomaa huweza kupita mita moja, na waliorekodiwa kuwa wakubwa kabisa walifika sentimita 130 na kilo 44. Huyo ndiye anayeuzwa akiwa na sentimita saba.

Wanaotetea ufugaji wana hoja, na ya kwanza kwangu ni nzito. Porini samaki hawa wana hali mbaya. Bala amepungua sana katika mito ya Sumatra na Borneo. Jamaa yake mdogo, samaki mweusi mwenye mkia mwekundu, aliwahi kudhaniwa ametoweka kabisa porini kabla ya kuonekana tena Thailand. Katika miaka hiyo yote hakukosekana kwenye matangi ya watu, kwa sababu wafugaji walikuwa wameshajua kumzalisha kwa kutumia homoni. Bala wanaouzwa leo nao kwa kawaida wamezalishwa mashambani, kwa hiyo anayemnunua mmoja hapunguzi samaki mtoni. Tena mtu aliyekaa miaka kumi akimchunguza samaki mmoja hujifunza mambo ya maji ambayo kitabu hakimpi.

Hata hivyo, hoja hiyo inatetea uzalishaji. Kumweka samaki wa mita moja kwenye chumba cha kulia ni jambo jingine, na watu huyachanganya.

Tufanye hesabu. Bala ni samaki wa kundi. Akiwa peke yake huwa mwoga, au huwaonea wenzake wa tangini. Kundi la watano linahitaji tangi lisilopungua sentimita 180 kwa urefu, 60 kwa upana na 60 kwa kina. Hizo ni lita 648, yaani maji peke yake yana uzito wa karibu kilo 650, kabla hujaongeza kioo, mchanga na meza. Sakafu ya nyumba ya ghorofa si ya kukisiwa hapo. Ila kwa mtu mwenye nafasi, jambo hili linawezekana, na nimeona linavyopendeza: samaki watano wa fedha wakigeuka kwa pamoja.

Sasa mweke pangasi kwenye tangi hilohilo. Mwili wa mita moja ndani ya upana wa sentimita 60 hauwezi kugeuka bila kujikunja. Naye ni samaki wa safari ndefu. Porini huhama umbali mkubwa mtoni kufuata misimu ya kuzaliana. Juu ya hayo haoni vizuri, na ni mwepesi wa kushtuka. Taa ikiwashwa ghafla au mlango ukibamizwa, hukurupuka na kukigonga kioo kwa nguvu zote. Ndiyo maana pangasi wengi wa nyumbani wana pua zilizochubuka.

Wengine hujibu kwamba samaki hukua kulingana na tangi lake. Hili lingefaa kuachwa kabisa. Samaki aliyebanwa hudumaa, lakini kudumaa huko ni ugonjwa: maji hujaa taka zake, amonia iliyomo humchoma mashavu anayopumulia, uti wa mgongo huweza kupinda, na maisha hufupika. Hajapata ukubwa unaomfaa. Amenyimwa wake.

Jibu la pili lina uungwana zaidi: nitanunua tangi kubwa baadaye. Kwa bala, mfugaji makini ana muda wa kujiandaa. Kwa pangasi muda huo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Katika mabwawa ya Vietnam, anakofugwa kwa ajili ya minofu, hufika takriban kilo moja ndani ya miezi sita hadi minane. Nyumbani hatalishwa kiasi hicho, lakini mwendo wa mwili wake ndio huo.

Kwa hiyo siwaweki kapu moja. Bala afugwe na mtu ambaye tangi kubwa liko tayari, lina kichujio chenye nguvu na mfuniko mzito, maana huyu huruka. Pangasi simshauri mtu yeyote amweke kwenye kioo cha nyumbani, hata tajiri, isipokuwa ana bwawa pana ambalo maji yake hubaki na joto mwaka mzima. Na lawama kubwa naiweka kwa anayeuza: kibao cha bei kingeandika urefu wa utu uzima, nusu ya wanunuzi wangegeukia samaki wengine palepale.

Kwa aliyekwisha kumnunua na sasa samaki amelizidi tangi, njia ni kutafuta mwenye bwawa, na kuanza mapema, kwani maonyesho ya samaki ya umma hupokea maombi mengi ya namna hiyo kuliko yanavyoweza kuyakubali. Mtoni asipelekwe. Samaki mgeni huweza kubeba magonjwa, na akiishi hugombania chakula na wenyeji ambao hawakumtarajia.