Nilitapika Kabla Kennedy Hajasaini

Basi na mimi niseme. Tangu juzi usiku ile sauti aliyoirekodi swahiba wangu siku niliyotapika inazunguka kwenye magrupu, dakika nne na ushee, na leo asubuhi muuza chapati kaniuliza, "Bosi, tumbo limetulia?" Kwa hiyo najua mmeshasikia. Ila mmesikia uongo. Eti nilizimia: uongo, nililala chini kwa hiari yangu. Eti nilimlilia mama: uongo, nilimwita mke wangu. Na wewe uliyeandika "pole bingwa" ukaweka na vikaragosi sita vya kucheka, nimekuona.

Wa zamani humu mnaujua ugonjwa wangu wa siga. Ndiyo, biri, kama walivyoita wazee. Mwenzenu nina hazina: kopo kubwa la plastiki lenye mfuniko wa mpira, ndani pakiti ya kutunza unyevu na kipimo kidogo cha betri. Kila asubuhi, kabla sijamjulia hali mke wangu, nakwenda kuangalia kama unyevu umesimama kwenye asilimia 69. Ndani mlikuwa na siga kumi na moja. Nasema mlikuwa.

Jumamosi shemeji akarudi kutoka Muscat na aina tatu. Montecristo No. 2 ya Kuba, ile yenye ncha, milimita 156. Arturo Fuente Don Carlos ya Jamhuri ya Dominika, ambayo jani lake la nje ni la Kameruni, kwa hiyo Afrika nasi tumo. Ya tatu ni ya Nikaragua, nyeusi tii, nene kama kidole gumba cha baharia. Hiyo jina silitaji, maana kosa halikuwa lake.

Nikaitisha mashindano juu ya paa. Tulikuwa wanne: mimi, shemeji, huyo swahiba mwenye mdomo, na mjomba wa mke wangu, mzee aliyekaa miaka mingi Urambo akinunua tumbaku kwa wakulima. Sheria nikaziweka mimi, mtaalamu. Ulimi uwe safi, kwa hiyo hakuna kula mpaka tumalize. Mke wangu kaleta kashata, nikaifunika kwa kawa. Mwenyewe tangu alfajiri tumboni nina kahawa chungu tu. Hiyo kashata ikumbukeni.

Mjomba akaichukua ile nyeusi, akaiminya taratibu, akainusa toka kichwani mpaka mguuni.

"Mkwe, humu mna majani ya juu ya mche. Majani ya juu ndiyo yanayokula jua, ndiyo makali. Anza na hizi nyingine."

Mzee wa watu kanipa uhai wangu mkononi. Mimi nikamjibu kwa tabasamu la msomi: "Kweli, Mjomba. Kitaalamu yanaitwa ligero." Kisha nikaikata kichwa, nikaiwasha.

Mwanzoni, jamani, nilikuwa natisha. Nikavuta, nikatoa moshi puani kama nilivyoona kwenye video, nikafumba macho. "Napata ngozi mpya. Napata udongo uliopigwa na mvua. Kwa mbali, kakao." Shemeji akaandika kwenye daftari. Mjomba akasema, "Mimi nasikia tumbaku."

Siga hupigwa pafu moja, ukaiacha ipoe, na moshi haumezwi. Hayo ninayajua, nimewafundisha watu. Lakini mtu akiwa na hadhira husahau, na mimi nilikuwa na kisa cha kusimulia, kila nikifika kwenye koma navuta.

Kisa chenyewe ni kile cha Kennedy. "Februari 1962," nikaanza, "Kennedy, rais wa Marekani, anataka kuifungia Kuba biashara. Jioni anamwita msemaji wake, Salinger, anamwambia, nitafutie siga za Kuba, Petit Upmann, kama elfu moja hivi. Kesho asubuhi nizione."

Hapo masikio yakaanza kulia, wiii, kama redio iliyopoteza stesheni. Nikaendelea. Mwanaume hakatishi kisa.

"Salinger kazunguka mji mzima usiku..." Jasho likanitoka, lakini baridi, la maiti. Mikono ikawa ya mtu mwingine. Nikapata kwikwi. Wenzangu wakadhani nimeweka kituo kuwatia hamu.

"Asubuhi anarudi. Kennedy anamuuliza, umepata ngapi? Anajibu, elfu moja na..." Kwikwi. "...mia mbili." Mnara wa simu wa kule nyuma ukainama kunisalimia, ukasimama, ukainama tena. Nikaona mjomba ameacha kuvuta, ananitazama jinsi mtu anavyotazama maziwa yaliyo jikoni.

"Kennedy anafungua droo ya meza..." Mate. Wajuzi wanajua. Mate yakianza kujaa yenyewe, mepesi, yana chumvi, mazungumzo yameisha, ni wewe tu hujataarifiwa. "...anatoa karatasi ya vikwazo, anachukua kalamu, ana..."

Ndoo ilikuwepo, hatua nne kushoto. Ukingo wa paa ulikuwepo, na chini uani hakuna mtu. Lakini chombo kilichokuwa wazi mapajani mwangu, nimekifungua mwenyewe niwaringishie, ni lile kopo.

Nililinyanyua kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayepokea dafu, nikaingiza uso wote. Plastiki ina mwangwi. Ile sauti mnayosema kwenye rekodi ni ya ng'ombe ni mimi, siwezi kubisha. Nilitapika mara tatu, na katikati ya ya pili na ya tatu nilipata muda wa kufumbua macho nikaziona siga zangu kumi na moja zikielea, moja moja nazijua kwa pete zake.

Na swahiba, aliyekula harusini kwangu, badala ya kunishika kichwa alichungulia kwenye kipimo akasoma kwa sauti: "Tisini na tisa!"

Hayo mengine mafupi. Nilijilaza sakafuni. Mjomba akanisukumia kashata mdomoni, ikaja chai ya sukari vijiko vinne. Nikotini kwenye tumbo tupu, ndiyo hadithi yote, na kufikia isha nilikuwa nimesimama. Shemeji anasema Don Carlos imeshinda. Mke wangu hakunigombeza. Alilitazama kopo, akaligeuza akaona alama ya msumari chini, ndipo akajua lilikokwenda kopo lake la mchele la tangu Ramadhani. Hilo bado hatujalizungumza.

Mjomba alimaliza yake, akamaliza na ile yangu nyeusi, akapanda bodaboda akaenda zake. Leo saa moja asubuhi kanipigia. Shikamoo, marahaba, umeamkaje mkwe, tumbo je. Nikamwambia limepoa, nikamwomba radhi kwa yote. Akanyamaza kidogo.

"Sasa yule rais," akasema, "alitia saini au hakutia?"