Ranchi za Montana: kimya kilimlinda nani?

Katika nchi ya ng'ombe ya magharibi mwa Marekani, jimbo la Montana likiwemo, karne ya 19, wanawake walikuwa adimu, lakini watu walitaka kucheza dansi. Basi mwanamume mmoja alifungwa kitambaa mkononi, na usiku huo akacheza upande wa mwanamke, mwenzake amemshika kiuno. Ilisemwa amepigwa chapa ya mtamba, yaani ng'ombe jike mchanga. Kukicha kitambaa kimefunguliwa, watu wamepanda farasi, na kazi inaendelea kama jana.

Kitambaa hicho kimezua mabishano. Wapo wanaokitaja kama dalili ya mapenzi ya wanaume kwa wanaume yaliyofichwa huko nyikani, na husifu kimya cha ranchi ambacho hakikumuuliza mtu. Wapo wanaosema ilikuwa dansi tu, tusiwabandike marehemu mambo yetu ya leo. Mimi nawasikiliza wote wawili, ila naona wote wanachungulia bweni la vibarua, wakati moto ulikuwa unawaka kwenye nyumba ya mwenye ranchi.

Tuanze na bweni. Kauboi alilipwa dola 30 hadi 40 kwa mwezi, na alipimwa kwa kazi yake: anatupa kamba vizuri? Anakesha zamu yake bila kusinzia? Mengine yalikuwa yake. Hata mtafiti Alfred Kinsey, katika ripoti yake ya mwaka 1948 kuhusu maisha ya kimapenzi ya wanaume wa Marekani, aliandika kwamba mahusiano ya wanaume kwa wanaume yalikuwepo miongoni mwa wafugaji wa sehemu za mbali za Magharibi, watu wagumu wa kazi ambao wasingevumilia madaha ya mjini. Wanaotetea kimya cha ranchi hushika hapo: mtu hakuulizwa, akaishi.

Tahadhari ya upande wa pili nayo ina uzito. Baridi ya 1886 hadi 1887 iliua ng'ombe kwa malaki katika nyanda hizo. Wanaume wawili waliojifunika blanketi moja katika baridi ya namna hiyo walikuwa wanaokoa maisha yao. Nani alimpenda nani, blanketi halisemi.

Lakini jambo moja kuhusu kibarua halina ubishi: angeweza kuondoka. Farasi mara nyingi walikuwa wa tajiri, ila tandiko lilikuwa lake. Minong'ono ikianza, analibeba na kutafuta ranchi nyingine. Kimya kilimfaa kwa sababu njia ilikuwa wazi.

Mtoto wa mwenye ranchi hakuwa na njia hiyo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, eneo dogo mno kwa ng'ombe katika nchi kame. Ekari 640 kwa ajili ya mifugo zilikuja mwaka 1916 tu. Familia ziliunganisha viwanja vya baba, vya kaka, hata vya dada, kwani mwanamke asiye na mume aliruhusiwa kudai ardhi kwa jina lake, wakati mke wa mtu kwa kawaida hakuruhusiwa. Ndoa na ardhi zikafungwa fundo moja. Nani ataoa, nani atazaa, nani atabaki: maswali hayo yaligusa maji na uzio wa seng'enge kabla hayajagusa moyo.

Chukua nyumba yenye kaka wawili. Wamefanya kazi miaka mingi bila mshahara, kwa ahadi ya mdomo kwamba siku moja yote yatakuwa yao. Mmoja analeta mke. Viti vya mezani vinapangwa upya, chumba kikubwa kinahama mikono. Yule asiyeoa haambiwi kitu, anaongezewa kazi. Anachokitamani moyoni hakitaleta mrithi, na anajua kikijulikana, kalamu ya baba inaweza kumfuta. Baba hawezi kumgombeza, kaka hawezi kumpoteza. Hasira inamwangukia shemeji, aliyekuja na sanduku moja na hana pa kukimbilia. Kimya kingi kina mshindo, na mara nyingi mshindo huo humpata asiyehusika.

Siwaiti wazazi hao makatili. Ranchi ikikatwa vipande vinne hailishi hata mtoto mmoja, na hofu ya kukosa wa kuachiwa si ya kubuni: sensa ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2022 ilionyesha wastani wa umri wa wakulima na wafugaji ni miaka 58.1. Mzee anayeona mwanawe hataleta mjukuu anaona pia uzio ukianguka.

Watetezi wa kimya wana hoja nyingine nzuri, na inatoka mahakamani. Katiba ya Montana ya mwaka 1972 inataja wazi haki ya faragha. Kwa msingi huo, mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya jimbo, katika kesi ya Gryczan, ilibatilisha sheria iliyoweza kumfunga mtu hadi miaka 10 na kumtoza faini hadi dola 50,000 kwa mahusiano ya jinsia moja. Mahakama ya juu ya nchi nzima ilifika hapo mwaka 2003. Lile wazo la zamani la "yake ni yake" lilizaa haki, nalikubali. Ila haki hiyo ilikaa kwenye karatasi robo karne huku watu wakiishi kwa hofu. Tena mahakama humzuia polisi, haingii jikoni ambako wosia unajadiliwa.

Ndiyo maana naweka matumaini yangu kwenye jambo linaloonekana kavu: ranchi kuwa kampuni ya familia, ardhi isikatwe, hisa zigawiwe kwa maandishi baba na mama wangali hai, na jina la mkwe lisisahaulike. Kaka asiyeoa akishika hisa zake mkononi, ana mahali pa kusimama kabla hajafungua mdomo. Akichagua kutosema, kimya hicho kitakuwa chake, na shemeji atakula chakula chake kwa amani.