Laptopu Iliyonikaribisha Kazini

Kwanza niseme wazi, mimi sina ugomvi na chuo. Chuo kimempokea binti yangu Neema, nashukuru Mungu. Ugomvi wangu ni na ile karatasi ya mahitaji. Godoro, sawa. Ndoo, sawa. Shuka mbili, sawa. Halafu namba tisa, imewekwa hapo kimyakimya kana kwamba ni mche wa sabuni: kompyuta mpakato, moja.

Mama Neema akauliza, "Mpakato ndiyo nini?"

Nikamwambia ni ya kupakata.

"Kama mtoto?"

Kama mtoto. Na gharama zake hivyohivyo, unajua zinapoanzia tu.

Nikaenda mjini, duka lenye kiyoyozi, nikaulizia mpya ya boksi. Dada wa pale akanitajia milioni moja na laki nane kwa sauti ya upole, kama nesi anayekupa majibu. Nikamuuliza ya chini kabisa. Laki sita na nusu. Nikampigia mpwa wangu, fundi wa mambo hayo, nikamsomea kilichoandikwa: Celeron, ndiyo ubongo wake, na RAM GB 4, ndiyo kumbukumbu ya kufanyia kazi. Akacheka mpaka dada akasikia. "Mjomba, hicho ni kikokotoo chenye kioo." Mtu wa umri wangu ukimtajia kikokotoo presha inapanda. Nikaaga.

Mpwa ndiye aliyenipa hii elimu ya mtumba wa maofisi. Anasema makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani hayangoji kompyuta ife. Ikitimiza miaka mitatu, minne, wanazitoa zote kwa mkupuo na kuleta mpya, hata kama hazina kosa. Zile za zamani zinauzwa kwa jumla, nyingi zinapitia Dubai, zinafutwa vumbi, zinapangwa madaraja, na nyingine zinakuja kutua Kariakoo. Na si mashine za mchezo: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Bawaba ngumu, kibodi ya kuandikia kutwa nzima, na ukifungua nati unaongeza RAM mwenyewe.

Nilisimama pale kituoni nikaifikiria habari hiyo kwa uchungu. Mashine imefanya kazi miaka mitatu, ikapumzishwa na afya yake. Mimi nina miaka 22 ukarani, kiti changu cha ofisini mguu mmoja ni tofali, na kustaafu kwa lazima mpaka nifike 60.

Mama Neema akakopa laki tano kwenye kikoba. Akanihesabia mezani: laki nne na nusu ya mashine, elfu hamsini ya dharura. "Na soda," akasema, "si dharura."

Kariakoo mnaijua. Nilishuka tu, kijana akanidaka. "Shikamoo mzee wangu! Mashine?" Kariakoo ukipewa shikamoo yenye unyenyekevu namna ile, shika mfuko. Akaniingiza kwenye kichochoro, tukapanda ngazi, tukashuka ngazi, tukatokea kwenye chumba kilichojaa laptopu zimepangwa kama mikate.

Mpwa alikuwa amenionya: usikubali kuambiwa ubongo wake ni "Core i5" ukaridhika. Kuna i5 ya 2011 na i5 ya 2018, ukoo mmoja lakini haziwezi kukaa meza moja. Ingia kwenye mipangilio, soma namba baada ya kistari. Ikianza na 6, kizazi cha sita. Ikianza na 8, cha nane. Na wewe unataka cha nane, kwa sababu Windows 10 wenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa hizi zenye ubongo wa Intel inataka kuanzia cha nane kwenda mbele. Ndiyo maana hizo za nyuma zimejaa mjini kwa bei ya kutupa.

Nikamuuliza kijana, "Hii kizazi cha ngapi?"

"Kizazi kipya, mzee."

Kizazi kipya! Nimekuja kununua mashine au kaseti? Nikasoma mwenyewe: i5-6300U. Nikamwambia hii ni ya sita. Akasema, "Lakini mzee ina Windows 11, tazama." Kweli ilikuwa nayo. Nikampigia mpwa. "Mjomba, kizazi hicho hakiruhusiwi mlangoni. Hiyo Windows imepitia dirishani."

Tukahamia nyingine. ThinkPad T480, nyeusi kama jungu, ina kidude chekundu katikati ya kibodi kama kipele. Kijana akaipigapiga mgongoni. "Hii ni IBM, mzee. Mmarekani huyu." Mpwa, ambaye bado alikuwa hewani akila salio langu, akasema IBM ndiyo walioanzisha jina hilo mwaka 1992, lakini waliiuza biashara kwa Lenovo 2005, na T480 imetoka 2018. Yaani kijana alikuwa ananitajia babu aliyehama nyumba miaka 13 kabla mtoto hajazaliwa. Lakini namba ilikuwa i5-8350U. Ya nane. RAM GB 8, na SSD, ghala la kuhifadhia, GB 256. Moyo ukanidunda.

"Na huu mkwaruzo?"

"Hii Gredi A, mzee. Huo si mkwaruzo, ni alama ya safari."

Nikauliza Gredi B ikoje, akanionyesha. Niliyoiona mimi ilikuwa Gredi A iliyokaa mbali na taa.

Akaanzia laki sita na ishirini. Nikaanzia laki tatu na nusu. Tukabishana mpaka tukajuana, akanieleza habari za mama yake, nikamweleza za goti langu, tukakutana laki nne na themanini. Elfu thelathini za dharura zikawa zimekwenda palepale. Kulikuwa na jambo moja la kupima betri, mpwa alinitajia maneno ya kuandika kwenye mashine ili ijitolee ripoti yenyewe: betri ilizaliwa na nguvu kiasi gani, na sasa imebakiwa na kiasi gani. Niliyaandika kiganjani. Jasho la Kariakoo likayafuta, zikabaki herufi tatu, "pow". Nikaona haya kumwambia kijana "pow".

Nikapanda daladala la Gongo la Mboto, mashine nimeipakata kwelikweli. Konda akaniuliza, "Mzee, mtoto analipa?"

Nyumbani jioni mpwa akasema Neema afute kila kitu, apige Windows upya, tuanze safi, mambo ya wenyewe yasitufuate. Neema akabonyeza. Tukangoja. Nikawasha bando langu la simu ili imalizie. Familia nzima tumezunguka, mpaka mama wa jirani aliyekuja kuomba chumvi amekaa.

Kioo kikawaka. Nembo kubwa ya bluu. Kwa Kiingereza: karibu kwenye kampuni fulani ya bima, huko Uingereza, tafadhali weka barua pepe yako ya kazi.

Kimya.

Mama Neema akasema, "Baba Neema. Umepata kazi Uingereza hukutuambia?"

Mama wa jirani akasahau chumvi, akatoka kwenda kutangaza.

Nikasema labda nijaribu. Nikaweka barua pepe yangu. Ikajibu hawanitambui. Sasa, si ninyi mlionikaribisha? Nikaweka ya Neema. Hawamtambui. Miaka 22 naomba kupandishwa cheo, siku nimeajiriwa Uingereza kwa bando la GB 1, nafukuzwa kabla sijakaa.

Mpwa akaeleza, safari hii hakucheka sana. Makampuni huandikisha mashine zao kwenye mfumo wao. Wakiziuza inabidi wazitoe kwenye daftari. Hii hawakuitoa. Kwa hiyo ukiifuta halafu ikanusa intaneti, inakumbuka kwao, kama paka uliyemtupa Kimara akarudi Temeke. Dukani ilionekana nzima kwa sababu waliitayarisha bila intaneti.

Asubuhi nikarudi. Yule kijana wa shikamoo hakunipa hata "vipi". Nikatoa risiti. Akaniwekea kidole chini yake: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia kuna waranti ya wiki moja. Akageuza karatasi: waranti haihusu kioo, betri, kibodi, chaja wala programu. Nikauliza sasa inahusu nini? Akafikiri kidogo. "Inahusu ikizimika kabisa, mzee."

"Hii imeniajiri!"

"Tatizo ni intaneti yako, mzee. Hapa dukani haina shida. Nikupigie upya bila intaneti, utumie tu vizuri, usiifute tena."

Mtoto anakwenda chuo kikuu, mimi nimwambie asiifute mashine mpaka ahitimu, ikishikwa homa amwombee? Nikavuta stuli, nikakaa katikati ya mlango. Mimi ni karani, kukaa ndiyo taaluma yangu. Wateja wakawa wananiruka. Kila aliyeingia nikawa namsalimia, namwuliza anatafuta kazi wapi, maana hapa wanaajiri. Saa tano na nusu mwenye duka akatoka nyuma, mtu mzima mwenzangu, akasema mzee tusifike huko, chukua nyingine.

Nyingine ilikuwa T480 vilevile, ila ya kutoka Ujerumani. Nikasema inafutwa hapahapa, inapigwa Windows hapahapa, kwa bando langu mimi. Saa mbili nzima niko juu ya stuli, nakula muhogo wa kuchoma kwa hela ya dharura. Ikawaka. Haikumkaribisha mtu. Ikaniuliza tu jina, kama mtoto wa shule mwenye adabu. Nilitaka kuibusu.

Chaja yake ina miguu miwili ya mviringo, soketi zetu za matundu matatu haziitaki. Adapta, elfu tatu. Na kibodi yao hao mabwana ina mambo yake: pale sisi tunapoweka Y wao wameweka Z, na Z wameipeleka kwa Y. Kuna na vijiherufi vyenye nukta mbili kichwani kama mayai ya chawa. Kijana akasema si tatizo, akaiweka Kiingereza kwenye mipangilio, akabandika stika juu ya herufi moja baada ya nyingine, kwa ulimi nje, kama anabandika kucha.

Kabla hajabandika niliziangalia. E na N zilikuwa zimelika, zinang'aa kama kipini cha jembe. Mjerumani gani huyo aliyezipiga hivyo sijui. Lakini A ilikuwa nzima kabisa. Nikasema moyoni, pole mama, hujaishi na Waswahili.

Usiku ule umeme ukakatika. Nikasema ndiyo raha ya laptopu, wengine gizani, sisi tunaendelea. Neema akaendelea dakika 19. Ikazima.

Mpwa akaja mwenyewe Jumapili, akaandika yale maneno niliyoyapoteza kwa jasho, powercfg /batteryreport, ikatoka ripoti. Akatikisa kichwa. "Mjomba, hii ina betri mbili. Moja ya ndani, moja ya nje. Ya ndani inajitahidi, imebakiwa na nusu. Ya nje ndiyo imekufa. Ukinunua ya nje mpya, utakaa nayo saa nyingi. Elfu themanini na tano."

Mama Neema alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Ya nje ndiyo inayokula hela?"

"Ndiyo, shangazi."

"Siku zote."

Nikaona hapa dawa ni kumwandikia bosi, aniazime nikatwe kwenye mshahara. Na nikaona niandike kwa mashine yenyewe, bosi aone tumeendelea. Neema alishanionya, "Baba, usibonyeze Alt na Shift kwa pamoja, kibodi inarudi Kijerumani." Nikamwambia sawa. Lakini vidole vyangu ni mikungu. Kikienda kimoja vinakwenda vitatu. Na mimi naandika macho yangu yapo kwenye stika, kioo nitakitazama saa ngapi? Nikamaliza, nikaweka kwenye flashi, nikachapa ofisini, nikasaini bila miwani, nikaipenyeza chini ya mlango wa bosi nikiwa na furaha.

Nakala ninayo hapa. Inaanza hivi:

ZAH: MAOMBI ZA MKOPO WA KUNUNUA BETRI ZA NJE

Mimi ni mfanzakayi wako wa miaka 22. Naomba unisaidie kwa ajili za binti zangu, kwani betri za ndani peke zake hainitoshi.

Saa nane bosi akaniita. Barua iko mezani, imenyooshwa, ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Akanionyesha kiti, chenye miguu yote minne. Akafunga mlango.

"Mzee," akasema, "hao binti zako sikujua wako wengi, nakupa hongera." Akavua miwani, akaifuta polepole. "Ila hizi betri za nje. Ziko ngapi?"